Kugeuza Tangi la Maji Baridi Kuwa la Maji Chumvi kwa Ajili ya Bunju: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo walioko Mbeya, Iringa na Njombe hukwama katika kazi hii mahali pale pale. Tangi husafishwa Jumamosi, chumvi humiminwa Jumapili, bunju (samaki anayejivimbisha akitishwa) huingizwa Jumatatu, na kabla ya wiki mbili kuisha samaki amelala chini ya kioo akihema kwa shida. Lawama hutupiwa chumvi, lakini kwa kawaida kinachoua ni amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, ambayo bakteria hawajawa tayari kuimaliza, pamoja na upungufu wa oksijeni ambao mfugaji wa Dar es Salaam au Tanga hakutani nao kwa kiwango hiki. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kuzingatia mambo hayo mawili, na ninamwomba msomaji asiruke hata moja.

## Vifaa vinavyohitajika

Hesabu zote zimefanywa kwa tangi la lita 200, ambalo likishawekwa mchanga na mawe hubaki na maji ya lita 180 hivi. Tangi lililo chini ya lita 120 lisitumike, kwa sababu bunju hula kwa fujo na kuchafua sana, na maji machache huharibika haraka kuliko mfugaji anavyoweza kuyabadilisha.

- Chumvi maalumu ya matangi ya bahari, kilo 20. Huagizwa kwa wauzaji wa vifaa vya samaki wa mapambo. Kujaza tangi kunahitaji kilo 5 hadi 6 kutegemea aina ya bunju, na kila ubadilishaji wa maji karibu kilo 1. Ihifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaokaza, hasa upande wa Tukuyu, ambako unyevu wa msimu wa mvua huigeuza kuwa bonge gumu.
- Refraktomita ya kupimia chumvi. Haidromita ya plastiki yenye mshale ni rahisi kwa bei, lakini kiputo kimoja cha hewa kikishika mshale wake, kipimo kinadanganya.
- Hita mbili za wati 150 kila moja, zenye kidhibiti joto, na kipimajoto kinachojitegemea.
- Kichujio, pampu moja ya kusukuma maji ndani ya tangi, na pampu mbili za hewa, moja ikiwa ya betri.
- Vipimo vya maji vya amonia, nitriti, nitrati, pH (kiwango cha tindikali majini) na ugumu wa kaboneti (nguvu ya maji kushikilia pH). Vipimo vya matone ni bora kuliko vya vijikaratasi.
- Mchanga wa matumbawe au wa aragonaiti, kilo 20 hadi 25.
- Ndoo na madumu mapya, pamoja na mizani ya jikoni inayosoma gramu. Dumu lililowahi kubeba dawa ya shambani, mbolea au sabuni halifai hata likioshwa mara kumi.
- Dawa ya kuondoa klorini.

Swali linaloulizwa kila mara ni kama chumvi ya dukani inaweza kutumika badala ya ile ya kuagiza. Haiwezi. Katika kila gramu 35 za chumvi zilizomo kwenye kilo moja ya maji ya bahari, gramu 30 hivi ni sodiamu na kloridi, yaani chumvi tunayoijua mezani. Gramu 5 zinazobaki ni salfeti, magnesi, kalsiamu, potasiamu na bikaboneti, na hizo ndizo zinazoshikilia pH na kuuwezesha mwili wa samaki kufanya kazi zake. Hata chumvi ya mawe inayovunwa kwenye mabwawa ya pwani haina mchanganyiko huo, kwa kuwa chumvi ya mezani hugandia chini huku magnesi ikibaki ndani ya maji machungu yanayomwagwa. Chumvi ya Uvinza nayo ni safi kwa chakula, ila haiwi bahari.

Wapo wanaosafirisha maji halisi ya bahari kwa lori kutoka pwani. Njia hii inafaa ikiwa maji yamechotwa mbali na midomo ya mito, bandari na mifereji ya mji, na yakafika ndani ya madumu masafi. Hata hivyo dumu la lita 20 lina uzito wa zaidi ya kilo 20, na tangi moja linataka madumu tisa kabla hata hujafikiria maji ya kubadilishia. Kwa mtu aliye Mbeya naona mfuko wa chumvi ni nafuu zaidi.

## Hatua ya 1: Mtambue bunju wako

Bunju si samaki mmoja. Kumweka bunju wa mtoni katika maji chumvi ni kumuua, na kumweka wa baharini katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni vivyo hivyo.

Anayeuzwa sana kwa wafugaji duniani ni bunju wa madoa kutoka Asia ya Kusini Mashariki, *Dichotomyctere nigroviridis*, mwenye mgongo wa kijani-njano uliojaa madoa meusi na tumbo jeupe. Huuzwa akiwa mdogo kama kidole gumba, ndani ya maji baridi, na muuzaji hutaja kwamba ni samaki wa maji baridi. Kadiri anavyokua anahitaji maji yenye chumvi, na akifikia urefu wa sentimita 15 hivi hustawi kwenye chumvi inayokaribia ile ya bahari. Huyu ndiye ambaye tangi lake hupandishwa chumvi polepole akiwa ndani yake.

Wa pili ni bunju wadogo wa kwenye matumbawe, kama *Canthigaster valentini*, wanaopatikana pia katika pwani yetu na wasiozidi sentimita 11 au 12. Hawa ni wa bahari kamili tangu utotoni. Kuna pia jamii ya *Arothron*, ambao baadhi hufikia sentimita 50, na tangi la lita 200 si makazi yao. Atakayetaka samaki wa pwani ampate kwa muuzaji mwenye kibali, kwa kuwa ndani ya hifadhi za bahari samaki hawakusanywi kiholela.

Tahadhari kubwa kwetu sisi ni bunju mkubwa wa Kongo, *Tetraodon mbu*, anayefika pia Ziwa Tanganyika karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Huyu ni wa maji baridi maisha yake yote na hukua kupita nusu mita. Ukiletewa bunju kutoka Kigoma, mwongozo huu haumhusu.

## Hatua ya 2: Chagua mahali

Lita 200 za maji, pamoja na kioo na mchanga, hukaribia kilo 260. Meza ya sebuleni haitoshi. Tengeneza stendi ya mbao nene au ya chuma kilichopakwa rangi, na uhakikishe kwa pima maji kwamba iko sawa, kwani kioo kilichoinama hupasuka kwenye maungio.

Tangi likae mbali na dirisha na mbali na jiko. Hapa kwetu nyumba nyingi huingiza jiko la mkaa ndani usiku wa Juni na Julai. Mbali na hatari yake kwa wanaolala humo, hewa ukaa inayojaa chumbani huingia majini na kushusha pH, na pampu ya hewa huvuta moshi moja kwa moja hadi kwa samaki.

Waya wa kila kifaa ushuke chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia ukutani, ili tone linalotambaa juu ya waya lidondoke sakafuni. Maji chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji baridi, kwa hiyo zima kila kitu kabla ya kutia mkono ndani.

## Hatua ya 3: Toa kisichoweza kuishi na chumvi

Samaki wengine wote, konokono na mimea wahamishwe kwenda tangi jingine au kwa mfugaji mwingine. Hakuna hata mmoja wa kumbakiza kama mwenza, kwani bunju hung'ata mapezi ya yeyote aliye naye. Magogo yatolewe pia, maana hutoa tindikali inayoshusha pH, na kokoto za rangi zibadilishwe kwa mchanga wa matumbawe ulioshwa mpaka maji yake yatoke maangavu.

Kagua mfuniko, vibanio na taa. Kipande chochote cha chuma au shaba kilicho juu ya maji kitashika kutu na kudondosha sumu ndani. Kioo kisafishwe kwa siki na maji. Sabuni isiguse tangi kabisa.

Kama bunju wa madoa tayari anaishi humo, fanya kazi hii kwa awamu, na sponji za kichujio zisioshwe kwa maji ya bomba. Zisuuzwe kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa ndani ya tangi lenyewe. Klorini ya bomba huua kwa dakika chache bakteria waliokuwa wakikulindia samaki kwa miezi.

Kwa makazi ya bakteria, nyanda zetu zina neema ambayo watu hawaitumii. Jiwe jepesi la volkano, pumisi, linalopatikana maeneo ya Rungwe na kandokando ya Mbeya, limejaa matundu madogo ambamo bakteria huishi kwa wingi. Vunja vipande vya ukubwa wa yai, osha vumbi lote, kisha chemsha. Mwanzoni jiwe litaelea na kupumua viputo vidogo vidogo kutoka ubavuni. Endelea kulichemsha na kuliacha lipoe ndani ya maji yale yale mpaka lizame lenyewe. Baada ya hapo lilowekwe wiki mbili, maji yakibadilishwa kila siku chache, ndipo liingie kwenye kichujio.

## Hatua ya 4: Andaa maji

Maji ya bomba yaachwe kwenye ndoo wazi kwa saa 24 huku pampu ya hewa ikiyachemua, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Maji ya kijito au chemchemi yapimwe amonia na nitrati kwanza, hasa pale ambapo mashamba ya viazi au mahindi yako juu ya chanzo.

Maji ya mvua yanayokingwa kutoka kwenye bati siyapendekezi. Mvua yetu ni nyingi na inavutia kutumika, lakini bati huachia zinki, na zinki hudhuru samaki hata ikiwa kidogo sana. Mtu mwenye uwezo wa kupata maji yaliyochujwa kwa mashine ya kuondoa madini ayatumie bila wasiwasi, kwa kuwa chumvi ya bahari hurudisha madini yote yanayohitajika.

## Hatua ya 5: Changanya chumvi nje ya tangi

Chumvi huchanganywa kwenye ndoo, haimwagwi juu ya samaki. Jaza maji kwanza, washa hita mpaka nyuzi 25, washa pampu, kisha nyunyiza chumvi kidogo kidogo. Ukianza na chumvi halafu ukamimina maji juu yake, kwa muda mfupi chini ya ndoo panakuwa na maji mazito kupita kiasi, na kalsiamu hushikana na kaboneti na kuwa unga mweupe usioyeyuka tena.

Acha mchanganyiko uzunguke kwa saa 24. Maji yaliyo tayari ni maangavu kiasi cha kuona chapa iliyoko chini ya ndoo. Yakiwa na ukungu, subiri zaidi.

Kipimo kikuu ni hiki. Gramu 35 za chumvi kwa lita ni bahari kamili, na refraktomita husoma takriban 1.026, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi, ambayo ni 1.000. Bunju wa matumbawe awekwe kwenye 1.023 hadi 1.025. Bunju wa madoa aliyekomaa anatosheka na 1.018 hadi 1.020, yaani gramu 24 hadi 27 kwa lita. Kwa kuwa chumvi ya mfukoni hubeba unyevunyevu wake, mizani itakupeleka karibu tu na lengo, na neno la mwisho ni la refraktomita. Kabla ya kila kipimo hakikisha inasoma sifuri ya chumvi (1.000) kwa tone la maji yaliyotoneshwa.

## Hatua ya 6: Hakikisha joto na oksijeni

Hapa ndipo ushauri ulioandikwa kwa watu wa pwani unapowaangusha watu wa milimani, kwa hiyo naomba isomwe kwa makini.

Katika nyuzi 25, maji baridi yaliyo usawa wa bahari hubeba oksijeni ya miligramu 8.3 hivi kwa lita. Yakifanywa kuwa maji ya bahari hubeba 6.8 hivi, kwa sababu chumvi huchukua nafasi ya gesi. Sasa Mbeya mjini pako takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa ni chini kidogo tu ya hapo. Katika kimo hicho mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano, na maji yale yale ya bahari hayawezi kubeba zaidi ya miligramu 5.5 hivi hata ukiyapuliza usiku kucha. Samaki anakatwa oksijeni mara mbili, na chumvi, kisha na mlima.

Mambo matatu hufuata kutokana na hesabu hiyo. Kwanza, uso wa maji lazima uwe unachafuka muda wote: elekeza mdomo wa pampu juu kidogo mpaka uone mawimbi madogo yakifika kona zote, na jiwe la hewa lifanye kazi mchana na usiku. Pili, joto lisizidi nyuzi 27, kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni pungufu zaidi. 25 hadi 26 inatosha. Tatu, bunju awe mmoja katika tangi hili.

Kuhusu joto lenyewe, usiku wa Juni hadi Agosti hali ya hewa ya nje hushuka chini ya nyuzi 10, na chumba kisicho na dari hakiko mbali na hapo. Hita mbili ndogo ni salama kuliko moja kubwa, kwa maana moja ikifa nyingine huzuia tangi lisipoe ghafla, na moja ikikwama katika kuwaka haina nguvu ya kupika maji yote. Funika mgongo na ubavu wa tangi kwa vipande vya boksi jeupe la povu gumu, lile linalopakiwa samaki wa barafu. Umeme ukikatika, washa pampu ya betri kwanza kabla ya kushughulikia blanketi. Maji ya lita 180 hupoa taratibu kwa saa kadhaa, ilhali oksijeni huisha mapema zaidi, na bakteria walio ndani ya kichujio kilichozimika nao huanza kufa.

Tangi liendeshwe siku tatu bila samaki. Kipimajoto kikisoma karibu sawa alfajiri na saa nane mchana, tofauti isizidi nyuzi moja, mitambo imefaulu.

## Hatua ya 7: Amsha bakteria (kwa tangi lisilo na samaki)

Uchafu wa samaki hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huibadilisha kuwa nitriti, kundi lingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina makali makubwa. Bakteria wa maji chumvi si wale wale waliozoea maji baridi, ndiyo maana tangi lililotulia kwa mwaka mzima linaweza kuwa jipya kabisa siku linapotiwa chumvi.

Hatari inaongezeka kwa sababu ya pH. Katika pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifikii hata asilimia moja ya amonia yote. Katika pH 8.2 ya maji ya bahari, sehemu hiyo huongezeka zaidi ya mara 10. Kipimo ambacho samaki wako wa zamani walikivumilia kinaweza kumuua bunju.

Weka chumvi katika kiwango cha mwisho, joto liwe nyuzi 27, kisha tia kipande cha samaki mbichi au kamba chenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kikiwa kimefungwa ndani ya kitambaa chepesi. Pima kila baada ya siku mbili. Amonia itapanda; ikifika miligramu 2 kwa lita, toa kipande. Baadaye nitriti itapanda huku amonia ikishuka, kisha nayo itashuka na nitrati kujitokeza. Kazi hii huchukua wiki nne hadi nane, na bila hita katika baridi yetu huenda ikachukua muda mrefu zaidi. Kijiko cha uchafu au sponji kutoka kwenye tangi la maji chumvi la rafiki mwenye samaki wazima hufupisha muda huo sana.

Usiamini siku moja ya kipimo kizuri. Tia tena amonia kidogo. Ikiwa baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zimerudi sifuri, tangi liko tayari. Badilisha nusu ya maji ili kupunguza nitrati kabla samaki hajaingia.

## Hatua ya 8: Pandisha chumvi polepole (kwa bunju wa madoa aliye ndani)

Mwenye samaki huyu hahitaji kuanza upya. Anahitaji uvumilivu, kwa sababu samaki na bakteria wote wanapaswa kuzoea kwa pamoja. Kiwango kisipande zaidi ya 0.002 kwa wiki, sawa na gramu 3 hivi kwa lita. Kutoka maji baridi mpaka 1.018 ni wiki tisa.

Hesabu watu huikosea, kwa hiyo tuifanye pamoja. Tuseme tangi la lita 180 lina gramu 8 kwa lita na unataka lifike 11. Utabadilisha lita 36. Lengo ni 180 mara 11, yaani gramu 1,980. Zilizopo ni 180 mara 8, yaani 1,440. Lakini lita 36 unazotoa zinaondoka na gramu 288, na kubakiza 1,152. Pengo ni gramu 828. Ukizigawa kwa lita 36 unapata gramu 23 kwa lita, na hicho ndicho kiwango cha ndoo ya maji mapya. Anayeweka gramu 11 kwa lita kwenye ndoo, akidhani ndilo lengo, atashangaa kwa nini tangi halipandi.

Maji hayo mapya yaingizwe kwa awamu tatu ndani ya siku moja, karibu na mdomo wa pampu, yakiwa na joto sawa na la tangi. Pima amonia siku inayofuata. Ikionekana yoyote, simama hapo hapo ulipofika kwa wiki moja au mbili mpaka irudi sifuri, ndipo uendelee. Bunju anayezoea vizuri hubaki na tumbo jeupe, huja mbele ya kioo akikuona, na macho yake huzunguka kukufuatilia. Tumbo likigeuka kijivu au jeusi kwa muda mrefu, kuna jambo majini.

Katika chumvi ya nusu ya bahari, nguvu ya kushikilia pH nayo ni nusu. Ugumu wa kaboneti ukishuka chini ya 8 (dKH), tumia bikaboneti ya sodiamu kidogo kidogo. Magadi ya kupikia maharage yasitumike kamwe, kwani hupandisha pH kwa ghafla na kufanya amonia ndogo iwe sumu.

## Hatua ya 9: Safari ya bunju kutoka pwani

Bunju anayenunuliwa Dar es Salaam atapanda kutoka usawa wa bahari, akapita Kitonga, akafika Mafinga iliyo karibu mita 1,900. Mfuko uliojazwa oksijeni ukakaza kama ngoma huko chini utavimba kwa karibu robo nzima utakapofika juu, na unaweza kupasuka ndani ya buti la basi. Mwambie muuzaji aache mfuko ulegee, atumie mifuko miwili iliyovikana kwa sababu ya meno ya samaki, na auweke ndani ya boksi la povu. Baridi ya Makambako usiku si ya kupuuzwa. Samaki asilishwe siku mbili kabla ya safari.

Uliza mapema samaki anaishi kwenye chumvi ya kiasi gani, kisha urekebishe tangi lako lifanane na hapo kabla hajafika. Baada ya safari ndefu, maji ya mfuko yana amonia nyingi iliyotulizwa na pH ya chini. Ukifungua mfuko na kuanza kudondosha maji ya tangi kwa saa mbili, pH hupanda na amonia hiyo huamka. Kwa hiyo elea mfuko uliofungwa dakika 20 ili joto lifanane, ufungue, mhamishe samaki, na maji ya mfuko yamwagwe nje.

Mhamishe kwa bakuli, akiwa ndani ya maji. Ukimwinua kwa wavu atajivimbisha kwa hewa, na hewa iliyoingia tumboni mara nyingi hushindwa kutoka. Siku ya kwanza taa zizimwe na asilishwe.

## Hatua ya 10: Chakula na meno

Meno ya bunju hukua maisha yake yote. Akila vyakula laini tu, mdomo wake huziba na anakufa kwa njaa mbele ya chakula. Mpe kamba wenye maganda, miguu ya kaa na kome waliogandishwa, pamoja na konokono wa maji. Samaki mdogo apate chakula kila siku, mkubwa siku moja baada ya nyingine, na mabaki yatolewe baada ya dakika kumi.

Konokono wasiokotwe kwenye vijito wala mashamba ya mpunga ya Usangu au Kyela. Wanaweza kuwa na dawa za mashambani, na baadhi yao hubeba vimelea vya kichocho vinavyoingia kwenye ngozi ya mtu anayetia mkono majini. Zalisha wako mwenyewe kwenye ndoo kutokana na mayai, ukiwalisha majani ya mchicha yaliyochemshwa.

Bunju wengi wana sumu ya tetrodotoksini kwenye maini, mayai na ngozi, kupika hakuiondoi, na hakuna dawa ya kuitengua. Samaki akifa azikwe mahali ambapo paka na mbwa hawafukui, na watoto waelezwe waziwazi kwamba huyu si kitoweo. Vidole pia viwe mbali na mdomo wake, maana mnyama anayevunja ganda la kome hashindwi na ukucha.

## Matunzo baada ya hapo

Maji huvukiza, chumvi haivukizi. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa yetu ni kavu na yenye upepo, na tangi hupoteza maji kila siku. Chora mstari kwenye kioo na ujazie mpaka hapo kwa maji yasiyo na chumvi. Anayejazia kwa maji chumvi hupandisha kiwango wiki hadi wiki bila kujua.

Kila baada ya wiki mbili badilisha lita 36, na zaidi kidogo ikiwa nitrati imepita miligramu 40 kwa lita. Sponji isuuzwe kwenye maji yaliyotolewa. Vioo na mfuniko vifutwe chumvi inayoganda, kwani ikidondokea kwenye soketi huleta hitilafu.

Maji chumvi yanayotolewa yasimwagwe bustanini, kwa sababu hukausha maharage na migomba na chumvi hubaki udongoni. Yamwagwe chooni au kwenye shimo la maji taka. Na ikitokea huwezi kuendelea kumtunza bunju huyo, mrudishe kwa muuzaji au umpe mfugaji mwingine. Asiachiwe Ziwa Nyasa wala mto wowote, awe wa madoa au wa aina nyingine yoyote.